Muwa wa Papa Plamedi

Kama kuna kitu kitakachonizeesha kabla ya siku zangu, si chaki, si darasa lenye watoto wasioenea kwenye mabenchi, wala si barabara ya Kabambare wakati wa mvua. Ni megafoni ya Papa Plamedi. Mnaijua aina ile: nyeupe, mdomo mwekundu, na pembeni ina kitufe cha king'ora ambacho mtu mwenye akili zake hakigusi. Papa Plamedi hukigusa.

Jina lake ni Feruzi, lakini kwetu Kasongo mtu akishazaa huitwa kwa jina la mtoto, na mtoto wake wa kwanza ni Plamedi, msichana wa miaka kumi na mmoja, mwanafunzi wangu. Feruzi anauza nguo Salamabila, kwa wachimba dhahabu. Huko usipopiga kelele huuzi hata soksi, ndiyo maana akanunua megafoni. Kwa hilo simlaumu. Ninachomlaumu ni kwamba kila akirudi Kasongo anakuja nayo moja kwa moja uwanjani kwangu, imefungwa juu ya tangi la pikipiki. Anasimama kwenye mstari, anatabasamu kwa upande wenye jino lake la dhahabu ili sote tulione, halafu anabonyeza.

"Plamedi! Kuume! Nasema kuume! Usimupe ule, hajue kupiga! Weye mwenyewe! Weye mwenyewe!"

"Ule" asiyejua kupiga ni Naomie, na Naomie ana masikio kama watu wengine.

Mimi ni Émérance. Watoto huniita Madame. Nafundisha mwaka wa tano, na Jumanne na Jumamosi nafundisha wasichana mpira wa miguu kwenye uwanja ulio nyuma ya shule, pale penye magoli ya mianzi, jirani na mashamba ya mpunga. Nilianza kwa hasira, sifichi. Kila nikitoka darasani nilikuwa nawakuta wasichana wamejipanga ukutani wanawatazama wavulana wakicheza. Nikiwauliza mbona hamchezi, wananijibu kwamba mpira ni wa wale wanaoujua. Nani alizaliwa anaujua? Wavulana wanaujua kwa sababu waliachiwa uwanja tangu walipojifunza kutembea.

Nikapata nafasi ya kwenda Kindu kwenye mafunzo mafupi, na jambo moja la kule lilinikaa kichwani: ukitaka mtoto aupende mchezo, muulize yeye. Basi kabla ya kugusa mpira tunakaa chini kwa duara, nawauliza leo tucheze vipi. Hakuna kupanga foleni kungojea zamu. Kila mmoja ana cha kupiga, hata kama ni mpira wa majani ya migomba. Kila mmoja anacheza, kila mmoja anabadilisha nafasi, na anayepoteza mpira hakaripiwi. Siku moja walitaka kucheza wawili wawili wakiwa wameshikana mikono. Nikawaacha. Hippolyte, direkta wetu wa shule, alisimama mlangoni mwa ofisi yake akitikisa kichwa tangu mwanzo hadi mwisho.

"Madame Émérance," aliniambia baadaye, "hii si mupira. Hii ni récréation, michezo ya mapumziko."

"Njo vile, Direkta. Na wote walikuya."

Kweli walikuja, na kati yao wote Plamedi ndiye aliyekuwa fundi. Mpira ulikuwa unamfuata bila kuitwa. Lakini mimi nilichokipenda kwake ni kicheko. Akianguka anacheka, akinyang'anywa mpira anacheka, akifunga goli anacheka mpaka anakaa chini. Kwa sababu ya kicheko kile wasichana wengine waliacha ule ukuta mmoja baada ya mwingine.

Halafu nikafanya kosa la kuwaita wazazi. Niliwaomba jamani! Nilisema baada ya misa, nilisema sokoni, nilibisha milangoni: njooni muwaone watoto wenu. Hakuna aliyekuja. Mama wengine wana mafuta ya mawese motoni, baba wengine wanasema mpunga unaliwa na ndege, na wengine hawakujisumbua hata kutafuta sababu. Niliomba mpaka nikachoka, na hatimaye Mungu akanisikia, akaniletea mzazi mmoja, huyo mwenye megafoni.

Akibonyeza, wasichana wote wanasimama kwa pamoja, maana sauti ile haichagui mtu. Mpira unabaki peke yake katikati. Nami napaza sauti kuishinda yake: "Muendelee! Musimusikilize! Hidaya, songa mbele! Naomie, fungua macho! Plamedi, cheza, mama, cheza!" Yeye anaongeza, nami naongeza. Watu wapitao njiani na baiskeli zao wanasimama kututazama, na uwanjani hakuna anayecheza.

Baada ya wiki chache Plamedi akaanza kuumwa tumbo. Lilimuuma kila tuliposikia pikipiki ya baba yake ikipanda kutoka barabarani. Pikipiki ikiwa ya mtu mwingine, tumbo linapona. Sikuhitaji daktari wa kunieleza.

Wiki ile ya mechi yetu na wasichana wa Wamaza, Jumanne baada ya mazoezi, alinifuata akiwa ameikunja jezi yake vizuri, mikono ndani. Sisi jezi zetu za kijani kila msichana huondoka na yake, anaifua kwao, anarudi nayo. Anayeacha mpira ndiye anayeirudisha kwenye mfuko. Akautafuta mfuko mwenyewe, akaiweka.

"Madame, miye nitakuyaka kuangalia tu."

"Juu ya nini? Mutu alikuchokoza?"

"Hapana."

"Ni tumbo?"

Akatazama vidole vyake vya miguu. "Mupira ilikuwa yangu," akasema. "Sasa iko ya papa."

Nilikasirika, mniamini. Nilikasirika hata sikuagana na watu. Niliuning'iniza mfuko begani, nikashika njia kwenda kwa Feruzi na vumbi langu lote miguuni.

Nilimkuta uani anaifuta megafoni kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, taratibu, kama anamwogesha mtoto mchanga. Mama Plamedi alinipa kiti, akanitazama kwa macho ya mtu aliyekwisha kusema yote na hakusikilizwa, akarudi jikoni.

"Madame!" Feruzi akafurahi. "Anaendelea muzuri, eh? Jumamosi Wamaza watalia."

"Papa Plamedi, mutoto anataka kuacha."

"Kuacha nini?"

"Mupira."

Akasimama wima. "Nani alimusumbua? Nionyeshe huyu mutu!"

Niliitazama tu megafoni. Aliyafuata macho yangu, akaitazama naye, akanitazama tena, akaikumbatia kifuani.

"Hii? Madame, hii ni ya kumutia nguvu! Nikuulize: baba wengine wako wapi? Wako kwao, wanasema mwanamuke hachezake mupira. Miye natoka Salamabila, mugongo inauma, nasimama pale na jua yote juu ya kichwa, nashangilia mutoto yangu. Sasa njo miye niko mubaya?"

Hapo akanikamata. Kilichoniudhi zaidi ni kwamba alisema kweli. Ni mimi niliyewaita wazazi, na ni yeye peke yake aliyeitika. Nilitaka kumpigia makofi na kumpiga kofi kwa wakati mmoja.

"Kuya, Papa Plamedi. Hakuna mutu anakukataza. Acha tu megafoni hapa nyumbani."

"Sasa atanisikia namna gani?"

"Hana lazima ya kukusikia."

Akacheka. Alidhani namtania! Akacheka mpaka jino la dhahabu likametameta, akanisindikiza hadi barabarani, na nilipokuwa nimefika mbali kidogo nikasikia king'ora. Alikuwa anaijaribu kama imekauka.

Kesho yake nikaenda kwa Direkta Hippolyte. Sijui kwa nini. Labda mtu akiishiwa huenda hata mahali anapojua hapana kitu. Alinisikiliza, akapanga kalamu zake, akaniambia jina la shule liko hatarini Jumamosi, kwa hiyo Plamedi acheze mbele mechi nzima asitoke, Naomie akae kwenye benchi mpaka Wamaza wapande pikipiki warudi kwao, na kuhusu megafoni, yeye anaona ni silaha nzuri ya kuwatisha wageni.

"Direkta, Plamedi amerudisha maillot."

"Basi umurudishie. Weye si ni mwalimu yake?"

Nilitoka bila kufunga mlango. Alhamisi nikawaita wasichana nje ya siku zetu, tukakaa kwa duara. Plamedi naye alikuja, amevaa sketi ya shule, akakaa nyuma kidogo ya wenzake, kuangalia tu kama alivyosema. Nikawauliza ni nini kinachowazuia kufurahi wanapocheza. Wakatazamana. Hidaya, ambaye hana woga, akasema, "Makelele."

"Makelele ya nani?"

"Ya watu wakubwa."

"Tufanye nini?"

Naomie alitoa shauri kwamba tuibe pile, yaani betri, za megafoni. Nilikataa kwa sauti kali, ingawa lilinikaa kichwani muda mrefu kuliko inavyompasa mwalimu. Mwingine akasema tumshitaki kwa padri. Mwingine akasema tucheze mechi bila kumwambia siku, jambo ambalo halikuwezekana, kwa kuwa Papa Plamedi alikuwa ameshaitangaza mechi mtaa mzima. Kisha mashauri yakaisha. Nilikuwa tayari nafungua mdomo niwape jibu langu, sauti ndogo ikatoka nyuma ya duara.

"Papa akikulaka muwa, hasemake."

Tukageuka wote. Plamedi alikuwa anachora chini kwa kijiti.

"Anaogopea jino yake ya or," akasema. "Anatafunaka na upande moja, polepole, mudomo imefungwa. Mama akimuuliza kitu, anajibu na mukono."

Mama yake Naomie ana miwa mingi kando ya kijito. Sikuwafundisha mengine, waliyapanga wao wenyewe, kwa haraka na kwa vicheko, huku mimi nimekaa pale sina kazi. Kwetu mtoto akikupa chakula kwa mikono miwili mbele ya wageni hukikatai, na hukiweki kando ukakisahau, unakila yeye akiona. Ukikataa, utasemwa mpaka ukoo wako usemwe. Basi kila mtu mzima atakayesimama kwenye mstari atapewa muwa, na wa Papa Plamedi utamenywa kabisa na kukatwa vipande asipate kisingizio cha ganda. Kila mmoja akawa na kazi yake. Mwishoni Hidaya akamgeukia Plamedi. "Na weye, utacheza?"

Plamedi alifikiri. "Nitacheza Jumamosi," akasema. "Kisha nitarudisha maillot."

Akaitoa jezi kwenye ule mfuko wangu, nami sikuthubutu kuongeza neno, maana nilijua nikiliongeza nitaliharibu. Kitu nilichokuwa nacho mkononi kilikuwa mechi moja tu. Ikiisha vibaya, mtoto yule atarudi kwenye ule ukuta, na nani atabaki wa kuwavuta wengine?

Jumamosi Wamaza wakafika na pikipiki, watatu watatu nyuma ya kila dereva, vumbi hadi kwenye kope, wanaimba. Mwalimu wao ni Kavira, mwanamke mrefu mwenye asili ya Butembo, mpole, wa kicheko cha chinichini. Watu walikuwa wengi kuliko nilivyozoea, shukrani kwa matangazo ya megafoni, na hilo nalo liliniudhi kwa sababu ilibidi nimshukuru. Papa Plamedi mwenyewe alikuwepo, shati limepigwa pasi, megafoni shingoni kwa mkanda.

Wasichana wakapita na miwa. Akina mama wakapokea, madereva wa pikipiki wakapokea, Kavira akapokea na kushangaa. Plamedi akaenda moja kwa moja kwa baba yake, akapiga magoti kidogo, akanyoosha mikono yote miwili na sahani ya vipande vyeupe.

"Papa, hii ni ya kwako. Uniangalie nayo."

Feruzi aliitazama sahani, akaitazama megafoni, akatazama watu waliokuwa wanamtazama. Alikuwa amekwama na alijua. Akachukua kipande, akakisukuma upande wa kulia wa kinywa, akafunga mdomo. Nilitaka kucheka kwa sauti, lakini nikamwona Naomie mbele yangu na muwa mkubwa kuliko wote.

"Na hii ni ya Madame."

"Ya miye? Miye ni mwalimu!"

"Njo maana tulichagua nene."

Niliwatazama mmoja mmoja. Hakuna aliyecheka, wangecheka ningepona. Mimi, niliyesafiri hadi Kindu! Mimi ninayewauliza kila siku wanataka nini! Mimi sipigi kelele, mimi naelekeza! Nilikuwa na maneno mengi, na Kavira alikuwa ananitazama huku anatafuna. Nikapokea kwa mikono miwili, nikamenya kwa hasira.

Direkta Hippolyte peke yake hakupewa, kwa sababu yeye ndiye refa, na yeye ndiye refa kwa sababu filimbi ni yake. Akapuliza.

Sijawahi kusikia uwanja ule kimya vile. Ilisikika miguu tu, na watu wakifyonza na kutema makapi. Mwanzoni ilikuwa mbaya. Plamedi kila akipata mpira anageuza shingo kwenye mstari, anangoja. Sauti haiji. Wanamnyang'anya. Anapata tena, anageuka tena, wanamnyang'anya tena, na safari moja msichana mdogo wa Wamaza alimchukulia mpira, akaenda kufunga bila mtu kumgusa. Mwili wangu wote ulitaka kupiga kelele. Niliuma muwa. Upande wa pili wa uwanja Feruzi alikuwa ananyanyuka na kukaa, ananyanyuka na kukaa, mikono inacheza hewani, shavu limevimba.

Kisha Plamedi akapata mpira, akageuka, hakusikia kitu, na badala ya kungoja akamwuliza Naomie kwa sauti, "Niende wapi?" Naomie, asiyejua kupiga, akamjibu, "Hata mi sijue! Nipatie!" Akampatia. Naomie aliupiga kwa goti, sijui kama alikusudia, mpira ukamgonga mlinda goli wa Wamaza begani, ukaingia. Wasichana walirundikana juu ya Naomie. Kuanzia hapo wakaanza kuitana wao kwa wao, kila mtu na lake, Hidaya anaita, mdogo kabisa anaita, sauti ambazo sikuwa nimezisikia mwaka mzima kwa sababu sauti yangu na ya Feruzi zilikuwa juu yake.

Kwenye mapumziko nikakaa nao, mdomo umejaa. Plamedi akasema anataka kuingia golini. Fundi wetu, golini! Direkta Hippolyte alikuwa karibu, akasikia, akanikodolea macho. Nilikuwa na sababu nzuri za kukataa na hakuna hata moja iliyoweza kupita kwenye muwa ule. Nikaitikia kwa kichwa.

Feruzi alipoona binti yake anasimama kati ya mianzi, akahama na sahani yake kuja nyuma ya goli. Na hapo ndipo tulipokosea hesabu. Vipande vyake tulivikata vya kutosha mtu anayetafuna polepole kwa kulitunza jino. Hatukufikiri kwamba mtu akiwa na wasiwasi hutafuna haraka. Mechi haijaisha, nikamwona anaifuta sahani kwa kidole, anakilamba, na mkono wake unashuka wenyewe mpaka kwenye kitufe.

"Pla—"

Neno halikuisha, lakini lilitosha. Wasichana wetu wote wakasimama, kama walivyozoea. Wamaza hawakuwa na mazoea hayo. Yule mdogo wao akaendelea na mpira, peke yake, anakuja golini mbio.

Plamedi hakumtazama. Alimtazama baba yake. Akalizunguka goli, akainama kwenye majani alikokuwa ameficha muwa wake mwenyewe wa kula baada ya mechi, mzima na ganda lake, akamwendea. Mpira ukapita mahali alipokuwa amesimama, taratibu, ukajikalia kwenye majani ya mpunga huko nyuma. Direkta Hippolyte alipuliza filimbi kwa huzuni kubwa. Wamaza wakaruka. Na Plamedi amenyoosha mikono miwili, magoti yamekunjwa kidogo.

"Papa, bado," akasema. "Match bado."

Sasa ndipo atalipuka, nilijisemea. Nilishaanza kutembea kuelekea kwao, nimeukaza muwa wangu mkononi. Feruzi aliutazama mpira kule kwenye mpunga. Aliwatazama wasichana waliosimama kama walivyosimama alipobonyeza, na nadhani ilikuwa mara yake ya kwanza kuwaona. Kisha akaupokea muwa kwa mikono yote miwili, namna mtu anavyopokea kitu kwa mkubwa wake, akaivua megafoni shingoni, akaiweka chini, akaikalia. Na kwa haraka ya kutaka kumtii, akalipasua ganda kwa meno ya mbele. Nilimwona anashtuka, anaweka mkono mdomoni, anatugeuzia mgongo. Mabega yalikuwa yanatikisika. Nikasema moyoni: haya, sasa analia kwa ajili ya goli moja, mtu huyu hana dawa.

Dakika zilizobaki zilikuwa zao. Wamaza walishambulia, Plamedi akaruka upande, akaudaka mpira, akaanguka nao kwenye vumbi na kubingirika, na akiwa pale chini, mpira tumboni, nikakisikia. Kile kicheko. Alicheka akashindwa kuinuka, Hidaya naye akacheka, na yule mdogo wa Wamaza aliyepiga akasimama juu yake anacheka naye. Sikujali tena kwamba tulikuwa tunafungwa mbili kwa moja. Machozi yalinitoka, na niliyafuta upesi ili Kavira asione.

Filimbi ya mwisho ikapulizwa. Tukashindwa. Direkta Hippolyte akaja kwangu, filimbi mkononi.

"Umeona récréation yako?"

Nilimwonyesha mdomo wangu uliojaa, nikapita. Nilikwenda kusimama karibu na goli, nimeushika mfuko wa jezi wazi, kama nilivyoahidi kwa kunyamaza kwangu siku ile ya Alhamisi. Plamedi alikuwa amesimama mbele ya baba yake. Feruzi bado amekalia megafoni, midomo imebanwa, ngumi moja imefungwa.

"Papa, uko unanikasirikia?"

Akatikisa kichwa.

"Sema basi. Match imeisha."

Akafungua mdomo. Pale mbele, mahali pa jino la dhahabu, palikuwa na tundu. Plamedi akapiga ukelele. Feruzi akafungua ngumi, na jino lilikuwa limelala kiganjani, na damu kidogo.

"Papa! Ilitoka saa gani?"

"Ile saa ulinipatia muwa ya pili," akasema, na kwa lile tundu sauti yake ilitoka na upepo.

"Na hukupiga makelele?"

"Ulisema match bado."

Plamedi alilitazama tundu lile. Alijaribu kujizuia kwa heshima, midomo ikamtetemeka, akashindwa. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye vumbi, na baba yake, baada ya kulitafuta tundu kwa ulimi, akaanza kucheka naye, mkono mdomoni.

Wakaja kuelekea kwangu wameshikana mikono. Nilikuwa nimeufungua mfuko kiasi kwamba mtu yeyote angeuona. Plamedi alipita mbele yake, jezi mwilini, kijani yote imegeuka nyekundu kwa vumbi, hakuutupia hata jicho.

"Madame," akasema akiwa ameshanipita, "Jumanne miye njo gardien ya goli tena."

Hakuniuliza, alinijulisha. Nilitaka kumwambia kwamba tutakaa kwa duara kwanza, kwamba na wengine wanalitaka goli, kwamba mimi ndiye mwalimu. Lakini ule muwa mnene ulikuwa haujaisha mdomoni, nikamjibu kwa mkono.